Nyigu bapa wa msitu wa Amani: kwa nini wanafanana na sisimizi, na kwa nini wengi wao hawana jina

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi naongoza wageni katika Hifadhi ya Msitu wa Asili Amani, Usambara Mashariki. Mwezi uliopita niliwasaidia wanafunzi wa utafiti kutega mabakuli ya njano yenye maji na sabuni kwenye njia ya Mbomole. Walipomaliza kuchuja waliniachia kichupa cha vidudu vidogo vyeusi, vimebapa kama vilivyokanyagwa. Mmoja wao aliniambia ni nyigu bapa, familia ya Bethylidae, na kwamba wengi hawana hata jina. Baadhi wana mabawa, wengine hawana kabisa, na ungeniuliza ningesema ni sisimizi. Nyigu asiye na mabawa anawezekanaje? Ni kweli wanataga ndani ya viumbe walio hai, na je, wanaweza kumtagia mtu? Katika msitu wetu wako aina ngapi? Nataka kujifunza kuwatambua ili niwaeleze wageni, niendelee kuwakusanya? Mwisho kuna jambo linalonipa wasiwasi. Mama anasema kitandani kwake kuna "sisimizi weusi" wanaochoma kama sindano na ngozi inavimba. Kitanda ni cha zamani na kinamwaga unga chini. Je, ndio haohao? Nipulize dawa?*

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo na yote yanashikana, lakini nitaanza na mama. Msitu unaweza kungoja kidogo.

Inawezekana ni hao. Inawezekana pia ni wengine, kwa hiyo usimhukumu nyigu kabla hujamwona. Watu wengi wanaoamka na vipele wameumwa na kunguni. Kunguni hakuamshi; anakunywa damu umelala, na asubuhi ndipo unaona vipele, mara nyingi vimejipanga mstari, na kwenye mishono ya godoro unakuta madoa meusi. Sisimizi nao huja kwa msafara, ukifuata mstari wao utafika kwenye shimo lao. Nyigu bapa hana msafara. Anatembea peke yake, na anachoma pale anapobanwa kati ya ngozi na shuka. Mchomo wake unausikia palepale. Kwa hiyo mama anaposema "kama sindano", namsikiliza kwa makini.

Lakini kilichonifanya nikae wima ni ule unga. Kitanda kinachomwaga unga kina mabuu ya mbawakawa ndani ya mbao, wanatafuna na kusukuma vumbi nje kwenye vitundu. Mabuu hayo ni chakula cha nyigu bapa wa jenasi (kundi la spishi zilizo jamaa) Sclerodermus na Cephalonomia. Haya si mambo ya kubuni. Katika nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, Italia hasa, madaktari wanamfahamu Sclerodermus domesticus kwa kuchoma watu wenye samani za zamani zilizoliwa na wadudu. Japani na Korea wanamfahamu Cephalonomia gallicola, anayefuata mbawakawa wanaokula tumbaku na vyakula vikavu ndani ya nyumba.

Fanya hivi. Usiku washa tochi, kagua shuka na chaga za kitanda, na ukimwona mdudu mnase kwa selotepu angavu, umbandike kwenye karatasi nyeupe. Hapo chini nitakueleza cha kumtazama. Dawa ya kupuliza usiikimbilie. Itaua wale wanaotembea juu tu, haitafika kwa buu aliye ndani ya mbao, na maadamu buu yupo nyigu watatoka tena wiki zijazo. Wakati huohuo utakuwa umeilowesha dawa sehemu ambayo mama analaza kichwa. Mafuta ya taa, ambayo najua jirani atakushauri, ni mabaya zaidi: mvuke wake si wa kuvuta usiku kucha, na moto hauhitaji mwaliko. Dawa ya kweli ni kushughulikia mbao. Mwite fundi seremala agonge na kukagua. Mara nyingi zilizoliwa ni chaga na upande mmoja wa fremu, na hizo hubadilishwa bila kununua kitanda kipya. Zile mbovu zichome moto mbali na nyumba, lakini usichome zote. Kipande kimoja kitunze, nitakwambia kwa nini.

Kuhusu ngozi: mchomo wa nyigu hawa kwa kawaida huwasha na kuvimba, kisha hupungua wenyewe baada ya siku kadhaa. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, na mama asijikune. Kama amejikuna pakafanya usaha, au uvimbe unazidi kusambaa baada ya siku mbili, mpeleke zahanati. Na akichomwa kisha midomo au uso ukavimba, sauti ikakauka, pumzi ikabana, kizunguzungu kikamshika au mwili mzima ukatoka mabaka, usingoje asubuhi. Ni nadra, lakini imewahi kutokea kwa nyigu hawa, na hapo dakika zina maana. Mpeleke hospitali mara moja na umwambie daktari kwamba amechomwa na nyigu.

Na hapana, hakuna yai lililowekwa ndani ya mwili wa mama. Hofu hii naisikia kila mara, na inatoka kwenye neno "kimelea" ambalo nyigu hawa huitwa. Nyigu bapa hawezi kukua kwa mtu, wala kwa kuku, wala kwa mbuzi. Anakua juu ya mabuu ya mbawakawa au viwavi wa nondo, basi. Anapomchoma mtu anajitetea. Tena mwiba wake hautoi yai. Zamani sana, katika ukoo wa nyigu, nyuki na sisimizi, mrija wa kutagia uligeuka kuwa sindano ya sumu, na yai likawa linatokea kwenye shina la sindano hiyo. Ndiyo maana ni majike tu wanaochoma. Dume hana cha kuchomea.

Sasa nikuonyeshe namna anavyofanya kazi, maana ukishaona hili, mengine yote, umbo, mabawa, hata uainishaji, yanajieleza.

Miaka mingi iliyopita niliweka jike mmoja wa jenasi Goniozus, urefu wake kama milimita tatu, kwenye kichupa cha kioo pamoja na kiwavi aliyemzidi mara nne au tano. Kwa dakika chache alimzunguka tu, akimgusa kwa vipapasio. Ghafla akamrukia, akamng'ata nyuma ya kichwa, akakunja tumbo lake chini kama ndoano na kuchoma kifuani, karibu na miguu, pale ambapo kuna mafundo ya neva. Kiwavi akajipinda, wote wawili wakabiringika hadi wakagonga kioo. Jike hakuachia. Akachoma tena. Baada ya muda kiwavi alilegea kama uzi uliolowa. Sikutegemea kilichofuata: hakutaga. Alikaa naye, akampapasa kutoka kichwani hadi mkiani, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Asubuhi yake ndipo nilipokuta mayai yamepangwa ubavuni mwa kiwavi, meupe, yamelala sawia. Na nilipoweka kiwavi chini ya hadubini, mshipa wa damu mgongoni ulikuwa bado unapiga. Alikuwa hai. Hakuwa na uwezo wa kusogea tu.

Hapo ndipo kosa la pili linaporekebishwa. Umeambiwa wanataga "ndani" ya viumbe hai. Wako nyigu wengine wengi wanaofanya hivyo, lakini nyigu bapa hutaga juu ya ngozi. Buu linapoanguliwa huchomeka kichwa kwenye ngozi ya mwenyeji, yaani mdudu anayeliwa, na kufyonza, mwili wake wote ukibaki nje, likinenepa siku hadi siku huku kiwavi akinywea. Likishiba linasuka kifukofuko cha hariri na kugeuka nyigu. Ndiyo maana lazima jike ampooze kiwavi kabisa: kiwavi anayetembea na kujisugua angewaponda watoto. Na ndiyo maana lazima asimuue, kwa sababu mzoga huoza. Sumu yake imepimwa kati ya mambo hayo mawili.

Jike wa Goniozus haondoki baada ya kutaga. Hukaa na mayai, na jike mwingine akija wanapigana kwa meno na miguu. Kwa kawaida mkubwa hushinda. India wamemtumia jamaa yake, Goniozus nephantidis, kupambana na kiwavi anayekausha makuti ya minazi, na utafiti mwingi kuhusu ugomvi wa nyigu hawa umefanywa kwa spishi hiyo.

Sasa rudi kwenye swali lako la mabawa. Fikiria mahali anapokwenda jike. Chini ya gamba la mti, kwenye tundu la buu ndani ya gogo, katika udongo, ndani ya tunda. Mabawa huko yanakwama. Mwili wa mviringo nao haupiti. Kwa hiyo kwenye matawi mengi ya familia hii majike wamepoteza mabawa, wamebapa, kichwa kimekuwa kirefu na kuelekea mbele kama koleo, na kwenye kundi moja kubwa, Pristocerinae, hata macho yamebaki kama nukta au hayapo kabisa. Dume kazi yake ni nyingine: kumtafuta jike. Anahitaji mabawa na macho makubwa, na anayo. Katika baadhi ya spishi dume humbeba jike huruka naye wakati wa kujamiiana. Kwa hiyo "sisimizi" wako na wale wenye mabawa wanaweza kuwa mke na mume wa spishi moja. Wanaweza pia kuwa spishi mbili zisizohusiana. Kwa kuwatazama kwa macho tu hutajua, na hapo ndipo shida yote ya majina inapoanzia.

Lakini kwanza jifunze kumtofautisha na sisimizi. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Anza na kiuno. Sisimizi ana kifundo kimoja au viwili kati ya kifua na tumbo, kama nundu ndogo inayojitegemea. Ukimtazama ubavuni huwezi kuikosa. Nyigu bapa ana kiuno chembamba lakini hakina nundu. Kisha vipapasio: pingili ya kwanza ya kipapasio cha sisimizi ni ndefu mno, halafu inakunjika kama kiwiko. Ya nyigu bapa ni fupi zaidi na pingili nyingi zilizobaki zinafanana kama shanga. Kwa kawaida ziko 13 jumla. Mtazame pia kwa upande: kichwa na kifua vimelala karibu usawa mmoja. Kama ana mabawa, bawa la nyuma halina vyumba vilivyofungwa na mishipa, limekuwa kama kipande cha nailoni. Mdudu wa kitandani kwa mama mpitishe kwenye vipimo hivihivi.

Kuhusu uainishaji, wageni wako hawahitaji mengi, ila wewe uyajue. Nyigu bapa ni familia moja, Bethylidae, jamaa wa karibu wa nyigu wanaong'aa kijani na buluu wanaotagia kwenye viota vya wenzao. Ni ukoo wa kale. Wamepatikana wamenaswa kwenye kaharabu ya Lebanoni, ambayo umri wake unapita miaka milioni 120. Kaharabu ni utomvu uliogeuka jiwe, ndugu mkubwa wa sandarusi iliyokuwa ikichimbwa pwani yetu. Jenasi ya Bethylus, iliyoipa familia jina, ilitajwa na Mfaransa Latreille mwaka 1802. Leo walio hai wamegawanywa katika nusufamilia tano, na njia rahisi ya kuzikumbuka ni kwa kile wanachokula.

Bethylinae ni wa viwavi wa nondo, na Goniozus yumo humo. Epyrinae huwinda hasa mabuu ya mbawakawa wa ardhini. Baadhi humburuta mmoja hadi kwenye shimo na kumwekea yai moja tu. Mesitiinae, wenye ngozi ngumu yenye vishimo-vishimo, huwafuata mbawakawa wa majani ambao mabuu yao hutembea ndani ya kifuko wanachokibeba. Hawa ni wa Afrika, Ulaya na Asia hasa; Amerika hawamo. Pristocerinae ni wale wa majike yasiyo na mabawa, wa kwenye udongo na mbao. Na Scleroderminae ni watu wa mbao, wa maghala, na wa kitanda cha mama.

Ndani ya hao wa mwisho yumo mmoja ambaye kila mkulima wa kahawa Afrika Mashariki angepaswa kumjua. Anaitwa Prorops nasuta, alipewa jina mwaka 1923, na anaishi ndani ya buni iliyotobolewa na yule mbawakawa mdogo ambaye wengine humwita ruhuka. Jike huingia kwa tundu lilelile la ruhuka, anakula mayai yake, anapooza mabuu na kutaga juu yao gizani humo. Mwaka 1929 Brazili waliagiza nyigu hawa kutoka Uganda kuokoa kahawa yao, na hadi leo Wabrazili wanamwita "nyigu wa Uganda". Mdudu wa milimita mbili aliyevuka Atlantiki kwa kazi maalumu. Jamaa yake, Cephalonomia stephanoderis, naye asili yake ni Afrika, na naye amepelekwa Amerika kwa kazi hiyohiyo. Waeleze wageni hilo wanapokunywa kahawa yao asubuhi.

Sasa lile la "hawana jina". Usilichukulie kama kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwaona. Mara nyingi wapo kwenye masanduku ya makumbusho miaka na miaka. Kukosa jina maana yake ni kwamba hakuna aliyekaa chini akalinganisha, akaandika maelezo, akachagua kielelezo kimoja kiwe shahidi wa jina hilo milele, kinachoitwa holotaipu, na kuchapisha. Kazi hiyo ni ya polepole na wanaoijua duniani ni wachache sana. Orodha ya dunia iliyotolewa mwaka 1990 ilikuwa na spishi takriban 1,800. Mwongozo mkubwa wa mwaka 2018, ulioongozwa na Celso Azevedo wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Espírito Santo huko Brazili, ulihesabu zaidi ya 2,900. Ongezeko la zaidi ya elfu moja ndani ya kizazi kimoja halikutokana na nyigu kuzaliana. Lilitokana na mtu kukaa na hadubini, na wanafunzi aliowafundisha.

Na kuna kikwazo kile cha mke na mume. Chukua jenasi Dissomphalus. Madume yake wana vishimo na vinundu vyenye nywele kwenye pingili ya pili mgongoni mwa tumbo, kila spishi na mtindo wake, na hivyo ndivyo wanavyotambuliwa, pamoja na viungo vyao vya uzazi. Majike hawana alama hizo. Matokeo yake spishi nyingi zimeelezwa kwa dume pekee, na mkewe amekaa kwenye chupa nyingine bila jina, au ana jina jingine kabisa. Mwaka 2018 watafiti walipolinganisha DNA ya jenasi Apenesia, iliyodhaniwa kuwa ukoo mmoja, walikuta ni koo kadhaa zilizowekwa kapu moja, wakalazimika kuzitenganisha. Sheria ya majina inasema jina la kwanza kuchapishwa ndilo linalobaki, kwa hiyo ukigundua leo kwamba mke na mume waliitwa majina mawili, moja linakufa. Mimi sioni aibu katika hilo. Sayansi inayojirekebisha hadharani inastahili kuaminiwa zaidi.

"Katika msitu wetu wako aina ngapi?" Nakuomba ufikirie gunia la maharage mchanganyiko sokoni Lushoto. Ukichota kikombe kimoja utapata aina labda sita. Kikombe cha pili kitakupa nane. Ukifika kikombe cha ishirini na hupati punje ngeni, unaanza kuamini umeshayajua ya gunia zima. Katika misitu ya tropiki, kwa nyigu hawa, unachota vikombe na punje ngeni hazikomi, na spishi nyingi zinaonekana mara moja tu, mdudu mmoja katika maelfu. Kwa hiyo namba ya kichupa chako ni namba ya kichupa chako, haiwi ya msitu. Zaidi ya hapo, kila mtego una upendeleo wake. Bakuli la njano hunasa warukao chini na wachache watembeao. Hema la wavu alilobuni Mswidi René Malaise katika miaka ya 1930 hunasa madume yanayoruka, na ukilitumia peke yake utadhani msitu hauna majike. Majike utawapata kwa kuchekecha majani yaliyooza na mboji, na kwa kupasua magogo. Ukikutana na mtafiti anayekupa idadi, muulize kwanza alitumia mtego gani.

Milima yetu ya Tao la Mashariki ina jambo lake pia. Kila mlima ni kisiwa cha msitu kilichozungukwa na nyika kavu. Jike asiye na mabawa na asiye na macho hawezi kuvuka kutoka Usambara hadi Uluguru. Ndiyo maana, nikipewa mtungi wa mboji kutoka mlima wowote wa Tao, huwa nautarajia uwe na kitu kisichofanana kabisa na cha mlima wa jirani. Na ndiyo maana bonde moja likifyekwa kuna uwezekano wa kupoteza kitu ambacho hakipo kwingine kokote.

Je, uendelee kukusanya? Nakuambia kwa uwazi: kwa mabakuli zaidi, hapana. Ndani ya hifadhi kukusanya kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kazi ya utafiti ina taratibu zake za COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia; wewe ni mtu wa hifadhi, usijiweke pabaya kwa ajili ya vichupa. Pia usikubali mgeni akuombe umkusanyie ili aondoke navyo mfukoni, hata akiwa mkarimu. Watafiti wakija na vibali vyao, fanya nao kazi na uombe jina lako liandikwe kwenye lebo kama mkusanyaji, kwa sababu umekuwa mkusanyaji.

Picha za simu ni nzuri kwa kuonyesha wageni, ila zitakufikisha kwenye familia, pengine nusufamilia, si zaidi. Kutambua spishi kunataka hadubini, mara nyingine kupasua kiungo cha uzazi cha dume, na mtu aliyezoea. Hapo ndipo uende ana kwa ana: idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ukipata nafasi ya kufika Nairobi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya au ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Nenda na kichupa chako na uombe nusu saa kwenye hadubini. Nusu saa hiyo itakufundisha kuliko barua yangu.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho wewe unaweza kukifanya na mwanafunzi wa kigeni wa wiki tatu hawezi. Maelfu ya nyigu kwenye makusanyo hayana taarifa moja muhimu kuliko zote: alikuwa anakula nini. Mtego unakupa mdudu aliyekufa bila historia. Nimewahi mwenyewe kutupa ganda la buu lililokuwa kwenye chupa pamoja na nyigu, nikidhani ni uchafu, na nikapoteza jibu ambalo sijalipata tena. Wewe unaishi hapo. Ukikuta nyumbani tawi kavu la mdalasini linalomwaga unga, au kipande cha kuni chenye vitundu, kiweke kwenye chupa pana ya kioo, funika kwa kitambaa chepesi na mpira, weka kivulini, na uitazame kila siku kwa wiki kadhaa. Watatoka mbawakawa, na siku moja huenda atatoka nyigu. Ukiona jike na dume wametoka kwenye kipande kimoja, umeanza kulijibu swali ambalo watu wanalitafuta kwa DNA. Wote, pamoja na maganda na vifukofuko, watie kwenye kichupa kimoja chenye ethanoli kali. Spiriti ya bluu usitumie, inapaka rangi na kuharibu.

Na hapa ndipo kile kipande cha chaga kinapoingia. Kiweke kwenye chupa leo hii. Akitoka mdudu mwenye kiuno kisicho na nundu, utakuwa umemjibu mama, na utakuwa na nyigu ambaye mwenyeji wake anajulikana, mbao inajulikana, hata chumba kinajulikana. Ndani ya kichupa, si juu yake, weka karatasi ndogo ngumu: kijiji na wilaya, mwinuko kama simu yako inauonyesha, tarehe, "ametoka kwenye chaga ya kitanda yenye mbawakawa", na jina lako. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu utayeyuka kwenye ethanoli.